Kipande na Sauti: Maneno ya Mapatano ya Waigizaji wa Sauti katika Vibonzo Vilivyofufuliwa

Maneno ya Kiswahili yatumikayo katika kupatana ujira hayakuzaliwa katika vitabu vya sheria. Mengi yalikomaa mashambani, bandarini na katika kambi za wajenzi wa reli, na nchi ya mkonge ya Korogwe, pamoja na jirani yake Handeni, ni mahali pafaapo sana kwa mtu atakaye kuyachungua. Makala haya yanayachukua maneno hayo na kuyapima kwa kazi moja ya siku hizi, yaani kazi ya mtu atiaye sauti katika vibonzo vya televisheni, na hasa kwa mapatano yafanywayo wakati mfululizo wa vibonzo uliokwisha kufungwa unapofufuliwa. Kazi hiyo imechaguliwa kwa sababu ndani yake maneno ya zamani hayatoshi, na pale yasipotosha mtu aweza kutia sahihi jambo asilolijua.

Kila neno la ujira hubeba kipimo chake. Mshahara ni neno la asili ya Kiarabu, litokanalo na shahr, mwezi. Basi hapo mwanzo ni malipo yapimwayo kwa mwezi, ingawa leo msemaji wa Kiswahili husema bila taabu "mshahara wa wiki". Kibarua ni barua iliyotiwa kiambishi cha udogo: karatasi ndogo ya mtu wa kazi ya siku. Kutoka kwa karatasi neno likahamia kwa mtu mwenyewe, likaacha upatanisho wa vitu na kushika upatanisho wa watu, hata ikasemwa "kibarua amekuja". Manamba limepita njia iyo hiyo: ni namba aliyoandikiwa mtu aliyeletwa kutoka mbali kwa mkataba, na namba ikawa jina lake. Ujira na ajira, yenye mzizi mmoja wa Kiarabu, hayana kipimo ndani yake, na labda ndiyo sababu yamefaa kwa lugha ya serikali. Lakini neno lenye habari nyingi kuliko yote ni kipande.

Mkonge uliletwa katika nchi iitwayo leo Tanzania mwaka 1893, na mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaenea kuifuata: Hale, Mnyuzi, Magunga, Ngombezi, Mazinde. Watu wa kukata majani na kuyapeleka korona, kama iitwavyo mashine ya kuyaponda na kutoa singa, hawakupatikana kwa wingi karibu. Wenyeji, yaani Wazigua wa Handeni na Wasambaa na Wabondei wa Korogwe, wengi wao waliona heri kuuza mahindi yao kambini, au kufanya kibarua cha siku chache wakati wa shida, kuliko kujifunga kwa muda mrefu. Hivyo mashamba yakaajiri manamba kutoka magharibi na kusini, na tangu mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya ikafanywa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la Silabu. Tofauti ya kibarua na manamba, ambayo kamusi huieleza kwa mstari mmoja, katika wilaya hizi mbili ilikuwa tofauti ya mtu alalaye kwake na mtu alalaye kambini.

Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku hizo hazikuwa lazima zifuatane. Mtu aliyeumwa, au aliyekwenda kulima shamba lake, hakuandikiwa siku ile, na kadi ikangoja. Siku ya 30 ilipotiwa alama kipande kilikwisha, mwenyewe akalipwa, na hesabu baina yake na shamba ikafungwa. Ndiyo maana neno moja limepata maana tatu zilizokaribiana: kadi yenyewe, kazi iliyoandikwa ndani yake, na hata muda wa kazi ile. Yafaa kuangalia pia kisichokuwamo. Singa zilizotoka katika majani ya mtu yule zilisafiri hadi Tanga, zikapakiwa melini, zikauzwa ng'ambo kwa bei iliyopanda na kushuka. Kupanda kwake hakukuandikwa katika kadi ya mkataji. Wafanyakazi wa mkonge walipogombania hali yao katika miaka ya 1950, waligombania wingi wa kazi, kiasi cha malipo na haki ya kusemewa na chama chao.

Si kusudi la makala haya kukidharau kipande. Kwa kazi ya mkonge kina mantiki yake, kwa kuwa jani likisha kukatwa halikatwi tena. Swali ni hili: itakuwaje kipimo hicho kikipelekwa kwenye kazi ambayo jani moja huvunwa mara elfu, na mkataji amekwisha kwenda zake?

Mfululizo uliofufuliwa

Kiswahili kina sadfa ya ajabu katika jambo hili. Neno lililokubaliwa kwa ufundi wa kuzitia picha mwendo ni uhuishaji, litokanalo na kuhuisha, kutia uhai. Na mfululizo uliofungwa kisha ukarudishwa nao husemwa kuwa umehuishwa. Mwandishi wa mkataba asiye mwangalifu aweza kuandika "haki ya kuhuisha" asijulikane anasema kuchora au kurudisha. Kwa kuepuka mgongano huo makala haya yanasema "vibonzo", kama watu wasemavyo nyumbani, na "kufufua" kwa kule kurudishwa.

Kisa kifaacho kwa maelezo ni cha Marekani. Mfululizo uitwao Futurama, uliobuniwa na Matt Groening, ulianza kuonyeshwa na kituo cha Fox tarehe 28 Machi 1999, na kipindi kipya cha mwisho katika kituo hicho kilitoka tarehe 10 Agosti 2003. Kwa hesabu ya kipande kadi ilikuwa imejaa. Lakini vipindi vile vile vilirudiwa katika kituo kingine, vikauzwa katika diski, na watazamaji wakaongezeka badala ya kupungua. Kwa sababu hiyo zikatengenezwa filamu nne za diski kati ya 2007 na 2009. Mwezi wa Juni 2009 ilitangazwa kwamba Comedy Central ingeonyesha vipindi vipya 26.

Hapo ndipo mapatano yalipokwama. Mwezi wa Julai mwaka huo waigizaji watatu wakubwa, Billy West, Katey Sagal na John DiMaggio, walikuwa hawajakubaliana na kampuni juu ya malipo, na kampuni ikatangaza kutafuta watu wengine wa kushika nafasi zao. Tarehe 31 Julai 2009 pande mbili zilipatana, na wote watatu wakarudi. Vipindi vilionyeshwa kuanzia Juni 2010 hadi Septemba 2013, mfululizo ukafungwa tena. Mwezi wa Februari 2022 Hulu ilitangaza kuufufua mara nyingine, na jina la DiMaggio, mwenye sauti ya roboti Bender, halikuwamo. Kwa majuma kadhaa alisema hadharani kwamba hakuridhika na alichopewa. Tarehe 1 Machi ikatangazwa kuwa amerudi, na vipindi vikaanza tarehe 24 Julai 2023.

Ukiyatazama mapatano ya mwaka 2009 kwa macho ya mtu wa Korogwe, kampuni ilisema maneno ya bwana shamba: kipande cha zamani kimekwisha na kulipwa, sasa ni kazi mpya, na asiyetaka aache wengine waandikwe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Muda wa mkataba ulikuwa umekwisha kweli, na kama mwigizaji alikuwa huru kukataa, kampuni nayo ilikuwa huru kutafuta mwingine. Waigizaji walikuwa na hoja ambayo kipande hakina mahali pa kuiandika: kwamba mfululizo ulikuwa na bei mwaka 2009 kwa sababu watu walizizoea sauti zile zile katika miaka ambayo wenyewe hawakusimama mbele ya kinasa sauti hata mara moja. Mwaka 1999, kabla ya mtazamaji kumsikia mhusika yeyote, kampuni ingeweza kumchagua mtu mwingine bila hasara. Miaka 10 baadaye isingeweza. West peke yake ndiye Fry, ndiye Profesa Farnsworth, ndiye Zoidberg, na ndiye Zapp Brannigan. Kumwondoa mtu mmoja ni kuwanyamazisha wahusika wanne wanaosemezana wao kwa wao.

Ukubwa wa fedha ziwezazo kuwamo unaonekana katika mfululizo mwingine wa Groening, The Simpsons, ambao haujafungwa tangu mwaka 1989. Kwa habari za magazeti ya Marekani, waigizaji wake wakuu walikuwa wakipata dola 30,000 kwa kipindi kabla ya mvutano wa mwaka 1998, na baada yake dola 125,000. Mwaka 2011 mambo yaligeuka: kampuni ndiyo iliyodai kupunguza, na malipo yaliyokuwa kama dola 440,000 yakateremka karibu na 300,000. Mtu asidhani, basi, kwamba sauti hupanda bei tu. DiMaggio naye alipokwisha kurudi mwaka 2022 aliwaambia watu kwamba fedha hazikuongezwa, ila alipata heshima. Wanasheria watalicheka neno hilo, lakini lina mahali pake katika mapatano, kama itakavyoonekana.

Neno "sauti"

Katika lugha ya kila siku sauti ni neno la mizigo mingi. Ni kila kisikikacho: sauti ya mlango, sauti ya mvua. Ni kile kitokacho kooni mwa mtu ambacho kwacho hutambuliwa gizani. Katika elimu ya lugha ni kitamkwa, kama sauti ya [b] au ya [a]. Tena ni uwezo wa kusikilizwa, kama isemwavyo kuwa fulani hana sauti nyumbani kwake. Mkataba usemao "rekodi ya sauti" unatumia maana ya kwanza, na mwigizaji ausomaye anafikiri maana ya pili. Hapana ubaya katika tofauti hiyo mpaka pale kitenzi kinapokuwa kuuza.

Uchambuzi wa kiisimu waweza kusaidia hapa kuliko kamusi. Kile tunachokiita sauti ya mtu ni mkusanyo: kidatu, kiimbo, lafudhi, mwendo wa usemi, namna ya kuvuta pumzi. Sehemu moja ni ya mwili, kwa kuwa urefu na uzito wa nyuzi za sauti haukuchaguliwa na mtu. Sehemu nyingine imepokewa kwa wazazi na majirani. Sehemu ya tatu hubuniwa kwa ajili ya mhusika, kwani DiMaggio hasemi na watu wa nyumbani kwake kama Bender. Yafuatayo, basi, ni vitu vitatu mbalimbali: sauti ya mtu, sauti ya mhusika, na rekodi. Rekodi ni mali ya kampuni iliyoilipia. Jina na picha ya mhusika pia ni ya kampuni. Sauti ya mtu haiwezi kuwa ya mwingine. Iliyobaki katikati ni sauti ya mhusika, iliyofinyangwa na mwigizaji kwa ajili ya picha ya kampuni. Na ugomvi wa mfululizo uliofufuliwa, ukiondolewa maneno ya hasira, ni ugomvi juu ya kitu hicho cha katikati.

Mahakama zimekigusa kwa pembeni. Mwaka 1988 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua, katika shauri la mwimbaji Bette Midler, kwamba kumwajiri mtu aige sauti yake inayojulikana kwa ajili ya tangazo la magari, baada ya yeye mwenyewe kukataa, ni kumdhulumu. Lakini iliyoigwa pale ilikuwa sauti ya Midler mwenyewe. Mtu akiajiriwa kuiga sauti ya Bender, anamwiga nani: DiMaggio au mhusika wa kampuni? Swali hilo huachiwa mapatano.

Sheria ya mataifa nayo kwa muda mrefu ilimwacha mwigizaji wa namna hii nje ya mlango. Mkataba wa Rome wa mwaka 1961 ulimpa mwigizaji na mwimbaji ulinzi katika kifungu cha 7. Kisha kifungu cha 19 kikasema kwamba mtu akisha kukubali onyesho lake litiwe katika rekodi ya picha, au ya picha na sauti, kifungu cha 7 hakimhusu tena. Watu wawili wakisimama mbele ya kinasa sauti kimoja, mmoja akaimba kwa ajili ya sahani ya santuri na mwingine akasema kwa ajili ya kibonzo, wa kwanza alikuwa na haki na wa pili hakuwa nayo. Mkataba wa Beijing, uliopitishwa tarehe 24 Juni 2012 na kuanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, ulikusudiwa kuondoa hali hiyo. Pamoja na haki ya mali unamtambulia mwigizaji haki ya kutajwa jina na ya kupinga kuharibiwa kwa onyesho lake, na hapo ndipo ile heshima ya DiMaggio inapopata nyumba ya kisheria. Hata hivyo kifungu chake cha 12 kinaziruhusu nchi kuweka sheria kwamba mwigizaji akikubali kurekodiwa haki zake humwendea mtengenezaji, isipokuwa mkataba baina yao umesema vingine. Mzigo wote umewekwa juu ya maneno hayo ya mwisho. (Kwa bahati mbaya Kiswahili huita mkataba yale ya mataifa na yale ya watu wawili, na msomaji hana budi kujua kila mara lipi limekusudiwa.)

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, Namba 7, huitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Neno la pili lastahili sifa. Katika lugha nyingine haki hizi huitwa za jirani, yaani zikaazo karibu na haki ya mtunzi. Kiswahili kimesema kushiriki. Jirani hukaa upande wa pili wa ua, mshirika ana sehemu katika mavuno. Ni ajabu kwamba neno zuri hivyo hutokea kwa nadra katika mazungumzo ya malipo, ambako watu hubaki na "posho" na "ujira wa siku".

Sauti za Kiswahili

Tanzania ina historia yake ya watu wauzao sauti. Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kama Lufufu, alijipatia jina kwa kuzieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili katika kanda za video, akizisema sauti za wahusika wote yeye peke yake, wanaume kwa wanawake. Watu waliita kazi hiyo kutafsiri, na neno hilo lilificha uigizaji mwingi. Mwaka 2011 TBC ilionyesha mfululizo wa Kichina wa Doudou na mama wakwe zake, uliotiwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes ilifanya mashindano ya kutafuta sauti nchini Tanzania, na washindi wakapelekwa China kufanya kazi hiyo. Kwa vibonzo hasa, Ubongo Kids, uliotengenezwa Dar es Salaam, ulianza kuonyeshwa mwaka 2014, na Akili and Me ukafuata mwaka 2016. Watoto waliouona mfululizo wa kwanza walipokuwa darasa la pili sasa ni watu wazima. Siku mfululizo wowote wa Kiswahili utakapofungwa na kufufuliwa, kitakachowarudisha watu wa rika hilo ni masikio yao.

Katika Mkoa wa Tanga kwenyewe jambo la mikataba limekwisha kujulikana kwa uchungu. Amri Athumani wa Tanga, mchekeshaji aliyeitwa King Majuto, alipokuwa mgonjwa mwaka 2018 ilifahamika kwamba mikataba ya matangazo aliyoyaigiza haikuwa imemfaa ipasavyo. Waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huo. Uso wake ulijulikana, lakini mtu aliyeyasikia matangazo yale redioni bila uso alimtambua vile vile kwa maneno mawili.

Hili linaleta suala la lafudhi, ambalo wanaisimu wa Handeni na Korogwe wana haki ya kulitangulia. Kizigua, Kisambaa na Kibondei ni lugha za kundi moja, liitwalo Seuta, na ni lugha za toni. Katika Kizigua toni ya juu huweza kuhama mbali na mzizi wake hadi silabi ya pili kutoka mwisho. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, kina mkazo. Mtoto aliyelelewa kwa Kisambaa kule Bungu, au kwa Kizigua karibu na Chanika, akisema Kiswahili huja na kiimbo chake, na masikio ya mjini hukitambua mara moja. Mtengenezaji wa vibonzo aweza kukikataa kwa kutaka usanifu, au kukitaka sana kwa ajili ya mhusika wa kuchekesha. Tuseme amekitaka, na mkataba ukaipa kampuni haki ya pekee juu ya "sauti" ya kijana huyo kwa miaka 10. Kwa maana pana ya neno, kijana hawezi tena kusema kwa lafudhi ya kwao katika studio nyingine. Amekodisha kitu alichorithi kwa bibi yake na ambacho si chake peke yake. Kwa maana nyembamba, alichokitoa ni sauti ya mhusika mmoja tu. Mahakama ingelazimika kuchagua, na neno lenyewe halisaidii upande wowote.

Mambo yamezidi kuwa mazito tangu mashine za akili mnemba zilipoweza kujifunza sauti ya mtu kutoka rekodi chache na kusema nayo maneno ambayo mwenyewe hakuyasema kamwe. Kipande kilidhani kwamba kazi mpya yahitaji mwili mpya kazini. Sasa mfululizo waweza kufufuliwa bila kumwita mtu. Chama cha waigizaji wa Marekani kiligoma siku 118 mwaka 2023, kuanzia tarehe 14 Julai hadi 9 Novemba, na moja ya madai yake lilikuwa kwamba mfano wa mtu usitumike bila ridhaa yake na malipo. Katika mapatano ya vibonzo vya televisheni, yaliyothibitishwa na wanachama mwaka 2024, iliandikwa kwamba jina la mwigizaji wa sauti ni la binadamu tu. Kiswahili kingeweza kulisema hilo kwa ngeli. Msimbuzi ni mtu, kisimbuzi ni kile chombo kilichowekwa juu ya televisheni. Vivyo hivyo mwigizaji ni mtu, na chombo kitakachomwiga, kikihitaji jina, ni kiigizaji. Mkataba ulioandikwa kwa uangalifu wa ngeli unakuwa umekata shauri moja kabla halijazaliwa.

Maneno mengine ya kufaa yamo tayari. Mrabaha, kutoka mzizi wa Kiarabu wa faida, kwa asili yake hupima kile kilichozalishwa na kazi baada ya kazi yenyewe kwisha, na ndilo neno pekee katika orodha hii lifanyalo hivyo. Watanzania wamelizoea katika madini na muziki. Ridhaa na idhini hayafai kuchanganywa. Idhini ni ruhusa, na yaweza kutolewa kwa tendo moja. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, nalo ndilo neno lifaalo kwa ile ridhaa huru ambayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaidai katika kifungu cha 10 ili mapatano yawe mkataba. Mwigizaji aweza kuridhia kazi nzima na bado akatoa idhini ya matumizi moja moja. Mapatano lenyewe ni pata pamoja na kiambishi cha kutendana: kila mmoja apate kwa mwenzake. Mkataba, kwa mzizi wake, ni maandishi tu. Mtu aweza kuwa na mkataba pasipo mapatano, na wengi wamekuwa nao.

Tofauti yaweza kuonyeshwa kwa vifungu viwili vilivyotungwa hapa kwa ajili ya mfano. Cha kwanza: "Mwigizaji anaiuzia Kampuni sauti yake kwa matumizi yote, duniani kote, daima, kwa malipo ya siku tano za kazi." Ndicho kipande, kimevaa suti. Neno sauti halina mpaka, kuuza hakuna marejeo, daima haina siku ya 30, na kipimo cha malipo ni siku. Cha pili kingekuwa kirefu zaidi: "Mwigizaji anaipa Kampuni idhini ya kutumia rekodi za sauti ya mhusika huyu katika vipindi 26 vya mfululizo huu na marudio yake kwa miaka saba, kwa malipo ya kurekodi na kwa mrabaha wa kila marudio. Mfululizo ukifufuliwa baada ya kufungwa, Kampuni itaanza kwa kupatana na Mwigizaji kabla ya kumtafuta mwingine. Sauti ya Mwigizaji haitafundishwa kwa chombo chochote wala kutengenezwa nacho bila ridhaa yake ya maandishi kwa kila kazi." Mtu wa Handeni auzaye machungwa yangali mtini ataielewa mara moja sehemu ya kwanza, kwa kuwa yeye huuza matunda ya msimu na mnunuzi haondoki na mti. Sehemu ya kufufuliwa haimlazimishi mtu yeyote kukubali bei. Inapanga tu nani aketi na nani kwanza, jambo lililokosekana mwezi wa Julai 2009.

Wenye kampuni watasema kifungu cha pili kina gharama, na ni kweli: mrabaha unahitaji hesabu za kila marudio, na kituo kidogo hakina karani wa kuzifanya. Pengine kwa vituo hivyo malipo ya mara moja yaliyo makubwa zaidi, yenye muda uliotajwa, yatafaa kuliko mrabaha usiolipwa kamwe. La lazima ni muda na maana ya sauti. Hayo mawili hayana gharama ila wino.

Imebaki lugha ya mkataba wenyewe. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria za Tanzania, lakini mikataba ya studio aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na kufasiriwa kwa mdomo siku ya kutia sahihi. Mfasiri wa mdomo atasema "sauti" kwa maneno mawili au matatu mbalimbali ya Kiingereza bila kutua. Kwa hiyo nakala ya Kiswahili, yenye fasili ya sauti ya mtu, sauti ya mhusika na rekodi katika ukurasa wake wa kwanza, haina budi kutiwa sahihi siku ile ile, na kuwamo ndani yake mstari usemao ni nakala ipi itakayofuatwa zikipingana.